Studio Juu ya Bucha Yetu

Studio ilifunguliwa juu ya bucha yetu hapa Makutano mwezi wa Januari, na tangu siku hiyo sikuwa na kisingizio tena. Binti yangu Shamima, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameniomba mwaka mzima nimtafutie mahali pa kujifunza bale, ile densi ya kunyoosha mguu na kwenda juu ya vidole. Anaitazama kwenye simu yangu mpaka chaji inaisha. Nilikuwa nimezoea kumwambia hapa Meru bale haiko. Sasa ilikuwa hapo juu tu, ngazi chache kutoka kwa mizani ya babake.

Mwenye studio anaitwa Beverlyne, mke wa kijana wa Mzee Kithinji, na Mzee Kithinji ndiye mwenye jengo. Marehemu baba mkwe wangu, Abubakr, alipewa na Mzee duka hilo la bucha kwa mdomo. Walishikana mikono, wakanywa chai, basi. Karatasi hakuna hata moja. Kila Ijumaa tunampelekea Mzee ini la mnyama wa kwanza, na kila Ijumaa anatuambia sisi ni watu wake. Kwa hivyo Beverlyne aliposhuka kusema Shamima atafunzwa bure, mume wangu Jamaldin alifuta mikono kwenye aproni akasema asante kabla sijafungua mdomo.

Nilipanda kuangalia, na maswali yangu nimeyaandika kwenye daftari. Sakafu ilikuwa vigae juu ya zege. Wasichana wanne walikuwa wamevaa vile viatu vigumu vya kusimamia vidole, na walikuwa na wiki tatu tu tangu waanze. Mmoja alikuwa ameuma mdomo akijizuia kulia. Beverlyne alikuwa akiwapiga picha. Nilipouliza kama si mapema, alicheka, tena kwa upole, akaniambia wazazi wa siku hizi hawangoji. Mtoto asiposimama juu ya vidole watasema anafunzwa mazoezi ya shule.

Jumamosi nilienda Timau. Huko Mwalimu Eunice anafundisha bale kwenye ukumbi wa mbao uliojengewa zamani wafanyakazi wa mashamba ya ngano. Baridi ya pale inaingia mpaka kwenye meno. Aliruka mara mbili ili nione sakafu ya mbao inavyomrudisha, si kama vigae juu ya zege. Akanieleza kwamba Shamima ataanza na watoto wa miaka minane, kwa sababu wote hawajui kitu, na kwamba hatavaa vile viatu kwa miaka miwili, pengine zaidi, mpaka vifundo vya miguu na mgongo vipate nguvu. Kuhusu hijabu alisema ibanwe vizuri tu isimwangukie machoni.

Nilirudi na jibu, ila sikuona njia ya kulifuata. Jamaldin alisema nikimkataa Beverlyne nimemkataa Mzee, na Mzee akikasirika hatuna hata barua ya kumwonyesha mtu. Shamima naye akanuna. Timau ni mbali, ni baridi, na nani atacheza na watoto wa gredi ya tatu?

"Mama, wewe hutaki tu nisimame," aliniambia. "Hapo juu napewa viatu kesho."

Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria sana, sitadanganya. Shamima nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba, na mtihani wangu wa kidato cha nne niliusomea nyuma ya kaunta ya duka hilo, nikitoka darasa la jioni. Lilikuwa limenibeba. Lakini kila nikifunga macho, namwona yule msichana na mdomo wake.

Jumatatu nilimweleza Jamaldin nilichokiona, bila kubishana. Halafu nikamuuliza yeye hujuaje mchuuzi akimletea mbuzi mzee akidai ni mchanga.  Alimwita Shamima, akachukua miguu miwili ya mbele ya mbuzi kwenye rundo la supu. Wa kwanza aliukunja juu kidogo ya kwato, ukaachana pale pale, mwekundu, wenye menomeno. Wa pili aliukunja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukuachana.

"Huyu wa kwanza alikuwa bado anakua," alimwambia. "Hapa hapakuwa pameshikana. Na hakuna anayeona kwa nje."

"Lakini Baba, mimi si mbuzi."

"Ungekuwa mbuzi ningekuwa nimeshakuuza." Alinawa mikono polepole. "Mama yako ndiye atakuambia utaenda wapi."

Shamima aliushika ule mguu ulioachana, akaugeuza, akaurudisha mezani. Jamaldin hakusema atapanda kuongea na mtu. Ikabaki mimi.

Nilipanda Jumanne. Nilimwambia Beverlyne habari ya vigae na ya viatu, kwa heshima, bila kuzunguka. Nikamwomba hata wale wanne awavue viatu hivyo. Alizima muziki.

"Kwa hivyo kwangu ni pabaya."

"Kwa mtoto wangu, saa hii, ndiyo."

"Mzee atasikia, Mama Shamima."

"Najua."

Alisikia siku hiyo hiyo. Alimpigia Jamaldin, akasema Jumatatu ijayo atakuja tuongee habari ya duka, na mimi na Jamaldin tuwepo wote wawili. Hakuongeza kitu. Wiki nzima Jamaldin alikata nyama bila kupiga mluzi.

Jumamosi Shamima na mimi tulikuwa Timau. Alisimama kati ya watoto wanaomfika kiunoni, ameshika mgongo wa kiti, akijifunza kukunja magoti. Mmoja wao alimwambia magoti yafuate vidole, sista, si hivyo. Nilingoja anune. Aliangalia miguu yake, akarekebisha.

Mimi kwenye benchi nilikuwa nikitafuta maneno ya Jumatatu. Nilikuwa nimepata mwanzo tu: Mzee, duka ni lako. Kutoka hapo, kila sentensi ilinifungia mlango.

Tulipotoka miguu ilikuwa inamtetemeka. Akaniuliza kama tutarudi wiki ijayo. Nikamwambia ndiyo.