Noeli Papa Lambert Alipoimba

Orpha alijua kuna jambo pale alipomwona tonton Urbain, mdogo wa baba yake, amesimama peke yake nje ya uwanja wa ndege wa Bangboka, amevaa shati la kanisani siku ya kazi. Kila Desemba tangu aanze masomo ya teolojia kule Bunia, aliyekuja kumpokea ni baba yake, na Papa Lambert hakuwa mtu wa kupokea watu kimyakimya. Abiria wa kwanza wakiwa bado hawajatokeza mlangoni, yeye angekuwa ameshawaeleza polisi, wachukuzi na wauza maji kwamba binti yake anakuja, mutumishi wa Mungu, kwa hiyo mupishe njia.

"Papa iko wapi?" Orpha aliuliza.

"Iko nyumbani," tonton alisema, akalichukua sanduku. "Twende kwanza."

Walipanda pikipiki mbili. Baadaye Orpha alielewa kwamba tonton alizichukua mbili makusudi, ili asiulizwe kitu njiani.

Nyumbani, mtaa wa Mangobo, mama Clothilde alikuwa ameketi uani akichambua pondu, majani ya muhogo. Aliinuka, akamkumbatia binti yake, akabaki amemshikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nyuma yake, kwenye kiti cha mbao kilichotandikwa kitenge, alikaa Papa Lambert. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoombwa kumtunzia mtu. Upande mmoja wa mdomo umeshuka. Lakini macho yalimwona Orpha, yakang'aa, na mdomo ukafunguka.

"Donc," alisema.

Orpha alipiga magoti mbele yake, akangoja. Lile neno la Kifaransa, kama kusema "basi", alilifahamu. Maisha yake yote baba yake alikuwa akianzia hapo. Donc, sikiliza mutoto yangu. Donc, samaki ya Yanonge haiko kama samaki ya hapa. Alikuwa mchuuzi wa samaki wa kukaushwa, akinunua kwa jamaa zake wa Yanonge na Isangi, na watu walisema sokoni kwamba yeye hauzi samaki, anauza maneno, samaki ni nyongeza.

"Donc," akarudia. "Donc, donc." Halafu hakuna kitu. Paji la uso lilimjaa jasho.

"Njo neno ile tu inabakia," mama alisema taratibu. "Tension ya damu ilipanda, akaanguka kule beach ya mtoni, pirogue ya samaki haijamaliza hata kushusha mizigo. Munganga ya hospitali alisema ni mushipa ya kichwa. Iko anasikia yote. Ni mudomo tu inakatala."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua ilianza."

"Nilikuwa ninapiga simu kila juma! Ulikuwa unaniambia amelala, ametoka, iko choir..."

"Ningekuambia, ungeacha mitihani. Na yeye hangetaka." Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Bon. Umefika sasa. Weye njo unasoma mambo ya Mungu. Utamuombea, atasema."

Orpha alitamani kumwambia kwamba Bunia alikuwa akifundishwa Kiebrania, historia ya kanisa na jinsi ya kupanga mahubiri, na kwamba hakuna somo hata moja la kufungua mdomo wa mtu. Badala yake aliweka mkono juu ya kichwa cha baba yake, akaomba pale pale, na mama akaitikia amina kwa sauti iliyovuka ua.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Majirani walikuja wakiwa na ndizi, wakiwa na kuku, wakiwa na macho ya kutaka kuona. Orpha aliomba mbele yao. Wakishaondoka alijaribu mengine. Alimpa baba kalamu mkono wa kushoto. Ikatoka mistari iliyopinda, hakuna herufi. Alimuuliza maswali ya ndiyo na hapana, lakini kichwa kilikuwa kikisema ndiyo pale macho yaliposema hapana, na baba akijigundua alijipiga paja kwa hasira. Siku moja alitaka kitu hadi machozi yakamtoka. Walimletea maji, uji, redio, Biblia. Kumbe jua lilikuwa likimchoma shingoni.

Siku ya Noeli walimpeleka kanisani. Papa Lambert alikuwa kiongozi wa besi katika choir tangu kabla Orpha hajazaliwa, na waimbaji walimtengea kiti safu ya mbele, karibu nao. Alikuwa amevaa suti yake ya bluu; mama alimfunga tai. Orpha alikaa kando yake, ameshika mkono ule uliokufa.

Choir ilianza wimbo wa zamani wa Noeli, ule ambao watu wa umri wa baba yake waliufundishwa na wamisionari na hawahitaji kitabu. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye kiitikio, Orpha alisikia sauti chini ya sauti nyingine, nzito, sawa kabisa. Aligeuka. Baba yake alikuwa anaimba. Haikuwa kuguna. Alikuwa anaimba maneno: Bethlehemu, mtoto, malaika, moja baada ya lingine, safi, kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani bila kugonga kiti.

Kanisa lilipasuka kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakasimama juu ya mabenchi. Mama Clothilde alivua viatu, akacheza hadi mbele ya madhabahu, akaanguka kifudifudi. Pasteri Arthur alishika mikrofoni akalia, "Muko munaona? Muko munaona Mungu wetu?"

Orpha naye alilia. Wimbo ulipokwisha, kelele zikiwa bado juu, alimwinamia baba yake sikioni.

"Papa. Sema jina yangu."

Papa Lambert alimtazama kwa upendo mwingi, akavuta pumzi.

"Donc..."

Hakuna aliyesikia ila yeye. Na hapo Orpha alimkumbuka yule mwanamke mzee katika hospitali ambako yeye na wanafunzi wenzake walipelekwa mwaka jana kujifunza kutembelea wagonjwa. Aliimba zaburi nzima bila kukosea, lakini kuomba maji hakuweza. Muuguzi aliwaeleza kwamba wimbo una njia yake kichwani na maneno ya kusema yana njia yao. Moja inaweza kukatika na nyingine ikabaki. Orpha aliyakumbuka yote hayo akiwa amesimama katikati ya kanisa linaloruka, huku pasteri akitangaza kwamba Jumapili ya mwaka mpya Papa Lambert mwenyewe atatoa ushuhuda. Angeweza kwenda mbele akasema ngojeni kwanza. Alimwona mama yake anainuliwa kutoka sakafuni, uso umelowa, umekuwa uso wa msichana. Akakaa.

Alijaribu siku iliyofuata, wakiwa wawili jikoni, mama akiponda ndizi za kufinyanga matonge ya lituma.

"Mama, kuimba na kusema haiko kitu moja. Anaweza kuimba, na kusema bado..."

Mchi ulisimama. "Kwa hiyo Mungu alifanya nusu?"

"Sisemi vile."

"Unasema vile. Watu yote waliamini, hata wale hawajui kusoma. Weye njo unasoma ya Mungu, na weye njo unanikataza kuamini?"

Orpha alichukua mchi, akaendelea kuponda yeye.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Tonton Urbain, mzee wa kanisa, alimshika kaka yake kiunoni akamsimamisha mbele, na pasteri akamtia mikrofoni katika mkono wa kushoto.

"Donc," alisema Papa Lambert, na sauti ikajaa kanisa.

"Amina!" watu wakaitikia.

"Donc."

"Aleluya!"

"Donc. Donc... donc..."

Hawakuitikia tena. Watoto walicheka nyuma, wakanyamazishwa. Baba alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayemtafuta mtu aliyeahidi kuja. Orpha alijikuta amesimama kando yake bila kujua amefika pale kufanya nini. Alinyoosha mkono achukue mikrofoni; baba hakuiachilia. Pasteri aliashiria choir, nao wakaanza upesi ule wimbo wa Noeli, na kanisa zima likauinua kwa nguvu, likimngoja.

Papa Lambert alifunga mdomo. Aliufunga hadi midomo ikageuka rangi. Walirudia kiitikio, wakarudia tena, na yeye akasimama katikati ya wimbo wake bila kutoa hata sauti ya pumzi, hadi choir wenyewe wakachoka wakaacha.

Nyumbani hakuna aliyekula. Tonton Urbain alizungukazunguka uani, mwishowe akasimama mbele ya Orpha.

"Mutoto, sikasiriki. Ninauliza tu. Mungu alianza kazi, na kazi ikasimama. Kule Bunia, kuko kitu unaficha?"

"Tonton!"

"Mwanaume? Kitu nyingine? Sema, tutaomba pamoja, itaisha."

Orpha alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama chini, na hapo Orpha alielewa kwamba swali lile lilikuwa limeshazungumzwa kabla hajaulizwa.

Kofi likatua juu ya meza, sahani zikaruka. Alikuwa Papa Lambert, mkono wa kushoto bado uko mezani. "Donc!" alipiga kelele. "Donc! Donc!" Macho yake yalikwenda kwa tonton, yakaja kwa Orpha, yakarudi. Tonton alisema, "Munaona, hata yeye anataka useme." Orpha aliamini kwamba baba anamtetea. Lakini hakukuwa na mtu wa kuamua kati yao, kwa kuwa mwenye kujua alikuwa yule asiyeweza kueleza.

Siku ya kuondoka, sanduku limeshafungwa nyuma ya pikipiki, Orpha aliinama amuage. Baba alimshika mkono wa gauni.

"Donc," alisema polepole. Halikuwa neno la kuaga. Lilikuwa na jambo ndani yake. Alilisema akiangalia nyumba, kisha akimwangalia yeye, kisha njia.

"Ni masomo, papa? Niache masomo?" Kichwa kilisema hapana. "Niendelee?" Hapana. "Ni mama? Dawa? Unataka kurudi Yanonge?" Hapo alisita, mwili mzima ukanyamaza, kisha kichwa kikatikisika, hapana, ndiyo, hapana, na machozi yakaanza.

"Mama, subiri, kuko kitu anataka kuniambia."

"Kila siku kuko kitu," mama alisema, bila ukali. Katika siku zile chache alikuwa amezeeka. "Enda, Orpha. Ndege itakuacha."

Vidole vya baba viliachia. Aligeuza uso ukutani.

Alipofika Bunia alipiga simu. Mama alimwambia papa amekula vizuri, ametulia, amesahau. Lakini Orpha alimsikia nyuma ya sauti ya mama, akirudia neno lake, kwa sauti ileile ya asubuhi ya kuondoka.

"Mupe simu, mama. Muwekee kwenye sikio."

Alisikia pumzi. Kisha baba yake akasema, akasema sana, neno lile moja kwa kupanda na kushuka, kwa vituo, kwa kusisitiza, kama mtu anayeeleza jambo refu tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akangoja.

"Ndiyo, papa," Orpha alisema. "Nimesikia. Nitafanya."

Alimsikia baba yake akishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na mama akichukua simu huku akiuliza kwa mshangao, "Umemwambia nini? Anacheka."

Orpha alisimama nje ya bweni, simu sikioni, akijaribu kufikiri ni nini alichoahidi.