Kidonda Kisichouma

Uvumi uliletwa na muuza maziwa, pamoja na maziwa yenyewe. Alisema kule bondeni ng'ombe wamekufa ghafla bila kuugua, damu ikiwatoka puani, na mwenye ng'ombe akawaburuta hadi kichakani akanyamaza, asije akazuiwa kuuza waliobaki. "Lakini ni maneno ya watu tu, mama," akamalizia, akafunika debe lake, akaenda zake.

Maneno ya watu yakamganda mama huyo, fundi cherehani, kama kupe. Kutwa alishona na kufumua, akashona tena upande usiofaa. Maana bintiye, yule ambaye baba yake humwita Profesa, alikuwa na fuvu la ng'ombe bafuni, ndani ya beseni la kuogea, na alilitoa huko huko bondeni.

Chumbani kwake binti alikuwa na rafu nzima ya mafuvu: la mbuzi, la paka, la panya, dogo kama punje ya karanga. Aliyaloweka kwenye maji ya sabuni ya vyombo mpaka mafuta yatoke, akayasugua kwa mswaki mkuukuu, na meno yaliyong'oka akayarudisha kwa gundi, kila moja tunduni mwake. Kazi safi, mama hakatai. Ila kila alipofika puani, penye vifupa vyembamba kama karatasi, alivua glavu. Alisema glavu zinampofusha vidole.

Jioni ile mama akauona mkono wake.

"Hicho nini?"

"Mfupa ulinichoma, mama. Wala hakiumi."

"Hakiumi kabisa?"

"Si nimekwambia!"

Kidonda kilikuwa cheusi katikati kama kipande cha mkaa, pembeni malengelenge, na mkono umevimba. Mama akaubonyeza ule uvimbe. Binti hata uso hakuukunja. Kidonda kinachouma unajua kinataka nini. Hiki kimekaa kimya.

"Vaa viatu, twende hospitali."

"Kwa kidonda hiki? Baba, hebu mwambie mkeo."

"Mama Profesa," baba akacheka, "ng'ombe aliyekufa hapigi teke. Ngojeni kesho."

"Wewe baki na kesho yako. Sisi tunakwenda leo."

Walikaa kwenye benchi la hospitali mpaka miguu ikafa ganzi. Tabibu alitazama haraka, akaanza kuandika dawa ya kupaka. Mama akamkatiza: "Samahani, mwanangu. Kwanza mwulize alikuwa anashika nini."

Binti akainamisha kichwa. Alipotaja fuvu, na bonde, na ng'ombe, tabibu aliweka kalamu chini.

"Hiki kinafanana na kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Dawa anaanza sasa hivi, majibu ya maabara yatatukuta njiani. Mama, mngechelewa tungekuwa tunazungumza mengine."

Akalazwa. Majibu yakaja, ni kimeta kweli. Dawa zikaingia, uvimbe ukashuka taratibu. Daktari wa mifugo akaja nyumbani na watu waliojifunika gubigubi, wakachukua fuvu, beseni na mswaki.

"Sasa utaniambia niache," binti akasema kitandani.

Mama hakuwa na nguvu hata ya kugomba. "Sijakwambia uache. Nimekwambia usife."

Basi mwenye mtoto anayeokota mifupa, haya ndiyo ya kuzingatia:

Asiguse mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, hasa aliyetokwa damu. Aitwe daktari wa mifugo.

Asichukue fuvu la mnyama ambaye hajulikani alikufaje, hata likiwa kavu na jeupe. Kimeta hukaa miaka mingi kwenye mifupa na udongo.

Asivue glavu kwa sababu yoyote.

Asidharau kidonda cheusi kwa kuwa hakiumi.

Asisugue mfupa mkavu bila kuziba pua na mdomo.

Asiloweke mifupa kwenye chombo cha kuogea wala cha kupikia.

Na mama asingoje baba akubali.