Wasia Mdomoni mwa Faruk

Haji Nasser alikufa Alhamisi mchana, akazikwa Ijumaa baada ya sala, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, maduka yote ya Nakawa yalishajua kwamba wasia wake wa mwisho umo mdomoni mwa Faruk Ssemwanga. Loo! Katika midomo yote ya Kampala, ule! Heri angewaachia maji kwenye tenga.

Msinielewe vibaya. Faruk hakuwa mwongo, wala mlevi, wala msahaulifu. Alikuwa Muganda mwenye dini yake, aliyeuza sufuria, ndoo na maturubai pamoja na Haji tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, l na r. Akizungumza bila kufikiri, zote zilitoka l, akasema "habali za balabalani". Akijitahidi asichekwe, zote zilitoka r, na hapo ndipo alipochekwa zaidi. Haji, ambaye babu zake walitoka pwani na biashara zao na Kiswahili chao, hakumwachia hata siku moja.

"Faruk, umekula?"

"Nimekura wari."

"Umeupigia kura? Na umeshinda?"

Basi wateja wanakufa kwa kicheko, na Faruk anatupa kitambaa cha kufutia vumbi, anaapa kwa Mungu wake kwamba kesho anafungua duka lake peke yake. Kesho yake, wa kwanza kufika alikuwa ni yeye.

Lakini Haji hakuwa mtu wa utani mtupu. Alikuwa mwenyekiti wa jamaa ya Waswahili kuanzia Nakawa mpaka Ntinda, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote, ila kwa njia zake. Zile sufuria kubwa za kupikia watu wa harusi aliwaazima wote wenye shughuli, Mwislamu kwa Mkristo, kwa sharti kwamba sahani ya kwanza iletwe kwake aonje, ahakikishe sufuria haijawaharibia ladha. Kwa ujanja huo alikula harusi za mji mzima bila kualikwa. Odero, yule Mjaluo wa vipuri vya magari duka la pili, alipokuja kuazima sufuria ya matanga ya shangazi yake, Haji alimshika shati akamwambia, "Odero, ukipika nguruwe humu, na wewe nitakupika humu humu."

Na ule mtaro wa nyuma ya maduka ulipoziba, uchochoro ukageuka bwawa, wakubwa wa jiji wanaahidi tu kila mwezi, Haji hakumtukana mtu. Alikodi mtumbwi Port Bell, akauleta juu ya pikapu, akauelesha kwenye yale maji machafu, kisha akawaalika waandishi wa habari, na wakubwa wenyewe, waje kukata utepe wa ziwa jipya. Faruk ndiye aliyevishwa kofia ya nahodha. "Karibuni katika ziwa retu!" akatangaza kwa sauti nene. Mtaro ulizibuliwa wiki hiyo hiyo, na picha ya Faruk na kofia yake bado imebandikwa dukani.

Sasa turudi kwenye wasia. Siku ile hospitalini, Kulthum, binti wa Haji, alikuwa ameshuka kununua dawa. Fahim, kaka yake, alikuwa amekwama kwenye foleni ya Ntinda akipiga honi bure. Aliyekuwa kitandani kwa mgonjwa ni Faruk peke yake, na watoto waliporudi, baba yao alikuwa ameshakata roho.

Baada ya maziko, watu wamekaa sebuleni kwa marehemu, Maalim Usama akauliza, "Marehemu ameacha neno?"

"Ameacha," akasema Faruk. Akakohoa, akajiweka sawa, kwa sababu alijua neno ni zito na alitaka kulifikisha kama lilivyo. "Amesema hivi. Siku ya arobaini yangu, kira atakayekuja apewe karamu."

Fahim akapiga paja lake. "Huyo ndiye baba yangu! Karamu! Ng'ombe wawili, pilau, na biriani pembeni!"

"Ngoja kwanza," akasema Kulthum. Kulthum alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuwa na desturi ya kumwacha mtu apite na kosa. "Ami Faruk. Karamu, au kalamu?"

"Ndiyo hiyo."

"Ipi?"

"Hiyo uriyosema."

"Nimesema mbili, ami."

Faruk akamtazama midomo, akamtazama Fahim, akamtazama Maalim. Masikioni mwake, Kulthum alikuwa amesema neno moja mara mbili. Maskini, jasho likaanza kumtoka.

Tatizo ni kwamba yote mawili yalimfaa Haji. Nani asiyejua tumbo la Haji? Lakini pia nani asiyejua mfuko wake wa shati, uliojaa kalamu za kuwagawia watoto wa watu, na msemo wake kwamba asiye na kalamu huandikiwa maisha na wengine? Kuna waliosema, jamani, si wapewe vyote viwili tuondoke? Wapi! Fahim alitaka aonekane yeye ndiye aliyemwelewa baba. Kulthum naye alitaka hivyo hivyo. Fahim akasema dada yake ni bahili, Kulthum akasema kaka yake anafikiri kwa tumbo, na siku iliyofuata hawakusalimiana.

Maalim Usama, badala ya kuzima moto, akamwaga mafuta ya taa. "Faruk," akasema, "wasia ni amana. Ukifika umepinda, wa kuulizwa kesho mbele ya Mungu ni aliyeubeba."

"Banange!" Faruk akashika kichwa.

Toka hapo hakupata raha. Asubuhi Fahim anakuja dukani na sahani ya pilau inayofuka, anaiweka puani kwake: "Ami, harufu hii haikukumbushi kitu?" Alasiri Kulthum anakuja, anamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, "Ami, ulimi juu ya ufizi. La, la, la." Faruk anajaribu, wateja wanasimama kutazama. Watu wa karamu wakimkuta njiani wanamchekea. Watu wa kalamu wakimkuta wanamchekea pia. Na kila upande unamwomba aseme neno lenyewe mara moja tu. Akilisema haraka, wa kalamu wanashangilia. Akilisema kwa uangalifu, wa karamu wanashangilia. Hata mjane, Bi Zahara, akatuma salamu kutoka ndani: "Mwambieni Faruk aache kunichekesha, mimi niko eda."

Wao wanacheka. Yeye alikuwa anaumia, na hakuna aliyeona. Miaka yote ya maisha yake ameungwa mkono na mtu mmoja, na mtu huyo amemwomba jambo moja tu la mwisho, naye amelipoteza kwa sababu ya ulimi. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi. Alijiambia, nitamlilia vipi mtu niliyemwangusha? Ulimi hauna mfupa, lakini wa Faruk alitamani angeweza kuukunja autie mfukoni asiutoe tena.

Aliyemfungua ni Odero, na wala hakukusudia. Alikuja dukani kuazima turubai, akamkuta Faruk ameinamia kaunta.

"Mzee Faruk, mbona unajitesa? Sema hilo neno kwa Kiganda, tumalize."

"Hakuniambia kwa Kiganda! Aliniambia kwa Kiswahili."

"Kwani Haji hakujua Kiganda?"

"Hakujua? Alinishinda mimi!"

"Basi kwa nini hakukuambia kwa Kiganda?" akauliza Odero, huku anapima turubai kwa mikono. "Mtu anakufa, ana neno zito, analiweka katika lugha inayokushinda?"

Faruk akajiinua kutoka kwenye kaunta.

Ilikuwa kweli. Siku mkewe Faruk alipofariki, Haji alimfariji kwa Kiganda. Siku duka lilipoungua, walishauriana kwa Kiganda. Kila jambo la maana maishani mwao walilisema kwa Kiganda, taratibu, kama ndugu. Kiswahili baina yao kilikuwa cha jambo moja tu. Kilikuwa cha kumchokoza Faruk.

Akaiona tena ile siku ya hospitali. Haji kamshika kifundo cha mkono. Haji kasema lile neno, kwa Kiswahili, macho yake yanameremeta. "Rudia," akamwambia. Faruk akarudia. Na Haji, ambaye tangu wajuane hajawahi kuacha herufi ya Faruk ipite bila kuivuta sikio, akatabasamu akasema, "Sawasawa kabisa. Kawaambie hivyo hivyo. Usibadilishe hata herufi." Kisha akacheka, kicheko chembamba kilichogeuka kikohozi, na Faruk akamnywesha maji.

"Mshenzi yule!" akapiga kelele Faruk, mpaka Odero akaangusha turubai. "Mshenzi, Mungu amlehemu! Amenifanyia kusudi!"

Alifunga duka mchana kweupe, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu, akadai Fahim na Kulthum waitwe, na Maalim pia. Walipofika akawasimulia yote. Safari hii hakujitahidi wala hakuogopa, maneno yakatoka na herufi zake popote zilipopenda kukaa.

"Baba yenu alikuwa na watu wengi wa kumpa wasia," akamaliza. "Angeweza kungoja. Kulthum alikuwa kwenye ngazi tu. Akanichagua mimi, kwa Kiswahili. Alijua nitawaletea neno lisilo na kichwa wala mkia, na nyinyi mtalipigania kama kuku na mtama."

Wa kwanza kupasuka alikuwa ni Bi Zahara, nyuma ya pazia, kicheko cha mpaka kukohoa. Fahim akafuata. Kulthum alijikaza, mwalimu yule, akauma midomo, akashindwa.

"Kwa hiyo alitaka nini hasa?" akauliza Fahim, akifuta macho.

"Mimi nitajuaje?" akasema Faruk. "Amekwenda nayo."

Maalim Usama akakohoa kwa adabu. Akasema kwamba kisheria, kwa maoni yake, mtu akiacha amana mbili zilizofungwa kitambaa kimoja, zote mbili hufikishwa. Wala hakutaja ni katika kitabu gani.

Siku ya arobaini, chini ya maturubai ya dukani, watu walikula pilau kutoka sufuria za Haji, kila mmoja na kalamu yake sikioni. Fahim ndiye aliyegawa kalamu, Kulthum ndiye aliyepakua, na walisalimiana, ingawa kila mmoja aliendelea kunong'ona kwa wageni kwamba mwenzake ndiye aliyekosea. Odero alileta sahani ya kwanza, akaiweka kwenye kiti kitupu cha Haji, na hakuna aliyeigusa.

Baada ya hitma Faruk akaombwa aseme neno. Alisimulia ziwa jipya na kofia ya nahodha, watu wakashika mbavu. Kisha akafika kwenye dua, na kwa kuwa dua si mchezo, akajitahidi kuliko alivyowahi kujitahidi maishani.

"Mungu amraze rafiki yangu," akasema, "mahari pema peponi."

"Amina," wakaitikia watu, kwa heshima, vichwa chini. Hakuna aliyecheka. Nani amcheke mzee anayeomba dua?

Faruk hakuketi. Alisimama pale akisubiri, na yeye mwenyewe hakujua anasubiri nini, mpaka akajikuta ametazama kile kiti. Maisha yake yote, kila aliposema hivyo, kulikuwa na sauti iliyotoka upande ule. Sasa ilikuwa zamu ya ile sauti, na haikutoka. Hapo ndipo Haji Nasser alipomfia. Si hospitalini, si makaburini, ni pale, katikati ya pilau. Machozi yakamtoka mzee wa watu mbele ya jamaa yote, mabega yakitikisika, asijue afiche wapi uso.

Kulthum akaweka mwiko chini, akaja akasimama karibu naye.

"Mahali, ami," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa turubai. "Siyo mahari. Baba hajaenda kuposa."

Turubai zima likalipuka. Faruk akainua uso, analia na kucheka kwa pamoja.

"Si ndivyo nirivyosema?"

"Rudia."

"Mahari," akasema Faruk.

"Sawasawa kabisa," akasema Kulthum, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Usibadilishe hata herufi."