Anwani Kwenye Saruji

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025 ndiyo siku Eliezeri aliponyoosha mkono, na mpaka leo anasema viongozi ndio waliomnyooshea.

Kikundi cha tangawizi cha Myamba, alichokianzisha marehemu mkewe Hedwiga, kilikuwa kinatafuta anwani ya tovuti. Katibu, Fortunata, aliandika ubaoni mikia mitatu.

"Dot com ni ya dunia nzima. Co.tz ni ya wafanyabiashara wa hapa nchini. Or.tz ni ya taasisi zisizotafuta faida. Zote hulipiwa kila mwaka. Chagueni."

Eliezeri, aliyeishia darasa la nne, akasimama. "Hiyo co si ndiyo kampuni? Kampuni zimepanda huku mara ngapi, zikashuka mjini Same na magunia yetu, tukabaki kupiga simu? Hedwiga hakuanzisha kampuni. Wekeni or."

Mwenyekiti Hezroni alikuna kidevu. Hedwiga hakuwa na miezi miwili kaburini. Nani angembishia mfiwa? "Basi iwe or," akasema. Mikono ikapanda yote.

Mwezi wa saba baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, likalia. Kila kaya ikaja na debe la mchanga au mawe, wakajengea kaburi la Hedwiga migombani nyuma ya nyumba. Fundi alipokuwa analainisha saruji, Hezroni akamwambia, "Huyu ndiye mwanzilishi wetu. Andika na anwani, wageni wamjue." Fundi akachukua msumari, akaichora yote mpaka mkiani. Siku hiyo Eliezeri alikula akashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa tangawizi imejaa ghalani, imeanza kusinyaa, na magunia kumi na mawili ni yake. Mnunuzi mmoja wa Dar alipopiga simu, Fortunata aliifungulia sauti ili wote wasikie. "Niliona tovuti yenu, nikadhani ni shirika la misaada. Nimeshachukua mzigo kwingine."

Kikao kikaitwa siku hiyohiyo.

"Tunahamia co.tz," alisema Hezroni. "Ile ya zamani tuiache ife."

"Ife vipi, na iko kwenye kaburi la mke wangu?"

"Mzee Eliezeri, si unapiga plasta tu," alidakia mwanachama mmoja, Jabiri, kutoka nyuma.

"Kapige plasta usoni kwa mkeo kwanza, tuone."

Watu wakacheka. Fortunata hakucheka. "Baba, jina la mtandaoni halinunuliwi, linakodiwa, mwaka kwa mwaka. Lisipolipiwa, mwingine anaweza kulichukua. Atakayeandika ile ya kaburini atamkuta huyo."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilisema, baba. Ulikuwa unagombana na kampuni."

Eliezeri akamgeukia Hezroni. "Wewe una muhuri, una mkoba, una cheti ukutani. Mtu wa darasa la nne akikuburuta, ukaburutika, kosa ni la nani? Mngeniambia kaa chini, mzee, hujui. Hakuna aliyeniambia. Mlinionea huruma, na huruma yenu ndiyo imenifunga."

Harufu ya tangawizi iliyoanza kuoza ilikuwa inaingia dirishani kutoka ghalani. Eliezeri akikataa, mali inaozea pale, yake na ya majirani. Akikubali, Hedwiga anaelekeza watu kwa mgeni.

"Kuna njia," alisema Fortunata polepole. "Tuchukue mpya, na ya zamani tusiiachie. Mtu akiandika ile ya kaburini, inampeleka kwenye mpya. Ila kikundi hakiwezi kulipia mbili."

"Hiyo nitailipia mimi." Eliezeri akakaa, kisha akasimama tena. "Mpaka lini?"

"Kila mwaka, baba. Haina mwisho."

Eliezeri alitazama mikono yake. Yeye na Hedwiga hawakujaliwa mtoto, na mwaka huu anatimiza sabini na mbili. Saruji ile, fundi alimwapia, itamaliza miaka mia.

"Sawa, andika co," alisema. "Nimekubali. Lakini niambieni ninyi mliosoma: nikifa mimi, ile ya Hedwiga atailipia nani?"