Kisima cha Kando ya Barabara

Gaudensi alikuwa Bwana Maendeleo, mwenyeji wa Songea. Mwaka wa sabini na nne alipewa siku kumi awahamishe watu wa Namidondi, awapange kando ya barabara ya Ziwani. Kwenye mkutano alisema yeye tu, mpaka Mwanaisha, mjane mwenye mikorosho, aliposimama.

"Bwana, pale ukichimba ni chumvi. Wazee wetu walipahama."

"Kaa chini, mama. Hizo ni hila za kupinga Ujamaa."

Kesho yake, kwa amri yake, mgambo walianza kwa kuezua nyumba ya Mwanaisha.

Watu wakahama. Kisima kikachimbwa, maji yakatoka, na Gaudensi akapeleka taarifa mjini kwamba kazi imekwisha. Yeye alikunywa maji aliyoletewa kwa Landrova. Hakuelewa kwa nini watu hawaitikii salamu zake, wala kwa nini akifika barazani wote wanainuka na kuondoka.

Wiki moja gari halikuja. Kiu ikampeleka kisimani. Wanawake wakampa kata. Alipiga funda moja, akatema.

"Maliza," Mwanaisha alisema. "Wanetu wanamaliza kila siku, na matumbo yanawauma."

Alijilazimisha, akafika nusu. "Maji baridi, yasiyo na chumvi, yako wapi, mama?"

"Si ulikuwa unajua wewe?"

Wakajitwika ndoo, wakamwacha.

Siku tatu mfululizo alikwenda kuketi nje ya kibanda cha Mwanaisha. Mwenyewe alitwanga, hakumkaribisha. Siku ya tatu aliweka mchi chini. "Andika, na usinijibu."

Akamweleza bonde lenye maji, mashamba ambayo sasa nguruwe wanayala kwa kuwa yako mbali, makaburi yasiyo na wa kuyafyekea. Gaudensi aliandika kurasa sita bila kufungua mdomo. Mara mbili aliona haya hata kuinua macho.

Aliomba mjini watu warudishwe. Jibu likawa barua ya onyo na uhamisho. Lakini kabla hajaondoka, wanaume walikwishaingia bondeni na majembe, naye akachimba nao. Hakuna aliyemwambia asante. Maji yalipobubujika, walikunywa wao kwanza: watoto, kisha wazee. Yeye akangoja.

Siku ya safari alikwenda kumuaga Mwanaisha.

"Paa langu hukulirudisha," mama yule alisema, akaendelea kumenya mihogo.

Gaudensi akapanda gari.