Sanduku la Bi Kufuli

Wazabuni walimwita Bi Kufuli, na mwenyewe alijua, wala hakuchukia. Sanduku la zabuni la halmashauri lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao Mkurugenzi, na mwingine alikaa nao yeye, afisa manunuzi, ameutundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Ikigonga saa nne ya siku iliyotangazwa, alitia kipande cha bati kwenye tundu la sanduku, akapiga kufuli, na baada ya hapo hata ungekuja na machozi ya damu, bahasha yako ungerudi nayo nyumbani. Aliwahi kumrudisha mwanamke mjamzito aliyepanda ngazi mbio. Aliwahi kumrudisha mume wa rafiki yake, urafiki ukafa siku hiyohiyo, na yeye usiku akalala fofofo.

Safari hii zabuni ilikuwa ya madawati ya shule zote za msingi, na mmoja wa waombaji alikuwa kaka yake.

Kaka na dada hawa, tumbo moja, hawakuwa wakisemezana. Si kule kununiana kwa siku mbili tatu halafu mtu akacheka. Ilikuwa imeshapita miaka. Baba yao alipofariki, hati ya nyumba ilitoka na jina la kaka peke yake, wakati aliyemwosha mzee, akamlisha na kukesha naye hospitalini, ni dada. Dada akamwita kaka yake mwizi mbele ya ukoo mzima. Kaka akamjibu kwamba mwanamke aliyeachika akadai kwa huyo aliyemwacha. Neno hilo lilimwingia dada likakaa humohumo ndani, na tangu siku ile maneno yao yote yakawa yanapitia kwa mama.

Mama, mwambie mwanao asiegeshe gari lake mlangoni. Mama, mwambie mwanao mlango si wake. Wote wawili wamekaa meza moja, Jumapili, wanapakua sufuria moja, na mama katikati anageuza shingo huku na huku. Majirani wakampachika jina la Posta. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka, akawaambia wanawe kwamba siku moja atafunga ofisi, nao wakaendelea kula.

Kanuni za manunuzi zinasema mtumishi mwenye ndugu kwenye zabuni ajitaje mapema. Bi Kufuli alikwenda kwa Mkurugenzi, akajitaja. Alisema huyu fundi samani ni kaka yake wa damu na hawasalimiani. Mkurugenzi akacheka mpaka akavua miwani. Akasema basi hapo hakuna hatari yoyote. Kwenye kupima na kulinganisha bei hatakaa, ila sanduku alilinde yeye, maana kwa kaka huyo halmashauri isingepata mlinzi mkali zaidi. Bi Kufuli aliliona hilo ni sifa. Alitoka pale kichwa juu.

Kilichomchoma roho ni kitu kingine. Zabuni kubwa kama hii hutaka dhamana: benki isimame nyuma ya mwombaji na kuahidi kwamba akishinda kisha akaruka, itailipa halmashauri. Na benki haisimami nyuma ya mtu kwa uzuri wa sura yake. Kaka alikuwa amepeleka hati ya nyumba. Nyumba ileile anayolala mama, yenye chumba alichofia baba, ikawekwa mezani kwa ajili ya madawati. Dada aliposikia aliwaka hasira. Tangu siku ile aliomba jambo moja tu, kaka ashindwe, kwa sababu aliyeshindwa hurudishiwa dhamana yake, hati ikarudi kabatini na mama akalala usingizi. Kama angeshindwa huku watu wakimcheka, hilo nalo lisingemuumiza Bi Kufuli.

Siku chache kabla ya sanduku kufungwa, mhandisi wa halmashauri alibadili michoro. Miguu ya madawati isiwe ya mbao tena; iwe ya chuma, kwa sababu ya mchwa. Badiliko la namna hiyo lazima kila aliyechukua makabrasha aambiwe. Bi Kufuli alilibandika kwenye ubao wa matangazo, kisha akakaa na simu akawapigia wazabuni mmoja mmoja. Alipofika kwenye jina la kaka yake, akaiweka simu chini. Jumapili akamkuta mama peke yake, anapanga sahani, akamwambia: mama, mwambie mwanao miguu ni ya chuma, karatasi iko ubaoni. Mama aliendelea kupanga sahani zake. Dada akaondoka moyo mweupe kabisa. Alikuwa ametuma ujumbe kwa njia yao ya siku zote, na kama ni sheria, ubao ulikuwa pale.

Bahasha ya kaka ililetwa na fundi wake jioni ya kuamkia siku ya mwisho. Bi Kufuli aliusikia mlio wake ikidondoka sandukuni, akasonya.

Asubuhi yake wazabuni walijaa kwenye benchi la korido. Wa kwanza kufika alikuwa yule waliyemwita Suti, aliyekuwa akiiuzia halmashauri kila kitu, chaki mpaka matairi, mtu wa kutabasamu na kutega sikio. Bi Kufuli alijifungia ofisini na sanduku lake, saa ya ukutani mbele yake, bati mkononi. Saa nne ilikuwa bado kidogo mlinzi alipochungulia.

"Kuna mtu anataka kukuona," akasema. "Yule wa kwenu."

"Kwetu sina mtu. Kama ana bahasha aje atumbukize."

Mlinzi akatoka, akarudi. Akasema bwana hana bahasha, ana barua, na anataka kuitia mkononi mwa afisa mwenyewe. Bi Kufuli akacheka kwa pua. Barua za mkononi alizijua. Kila mwaka kulikuwa na mjanja wa kuja dakika za mwisho na barua ya kuomba asaidiwe, aongezewe muda, adokezwe bei za wenzake. Kumbe na huyu, na ubabe wake wote, leo amekuja kupiga magoti. Akamwambia mlinzi hapokei barua za pembeni. Mlinzi akaenda, akarudi tena, jasho linamtoka kama ndiye anayeomba zabuni. Akasema amemuuliza bwana shida yake ni nini, bwana hataki kusema. Anasema atasema na dada yake mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mwambie dada yake yuko kazini."

Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya mlango, karibu kabisa, ya mtu aliyeweka paji la uso kwenye mbao.

"Dada," kaka alisema. "Dada, nifungulie."

Miaka yote ile hakuwa amelisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Lilimpita mwilini kama maji ya moto, na kwa pumzi moja mguu wake ulitaka kwenda mlangoni. Lakini akakumbuka alivyoambiwa akadai kwa aliyemwacha. Alikuwa amelisubiri neno hilo, dada, na sasa alipolipata alitaka kulisikia tena, mbele ya Suti na korido nzima. Acha aite. Akaitazama saa. Kaka aliita mara ya pili, polepole zaidi, na mshale ukafika mahali pake. Bi Kufuli akatia bati kwenye tundu na kufuli ikalia. Kisha akafungua mlango, akapita mbele ya kaka yake bila kumtazama, amelibeba sanduku kifuani.

Sanduku hufunguliwa palepale, mbele ya wenye bahasha. Wote waliingia ukumbini, Mkurugenzi akakaa kichwani mwa meza, kufuli zikatolewa. Kabla bahasha ya kwanza haijachanwa, kaka akasimama. Barua ilikuwa imelowa jasho kiganjani.

"Mheshimiwa, naomba kuiondoa zabuni yangu. Nimekuja kabla ya saa nne."

Ukumbi ukaguna. Mkurugenzi akaeleza, kwa ajili ya wote, kwamba kabla ya saa nne mtu ana haki ya kuchukua bahasha yake na kwenda zake, na dhamana yake haiguswi. Baada ya saa nne haitoki. Atakayejitoa, benki italipa. Kisha akamgeukia afisa wake.

"Alikuja kabla ya saa?"

Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama viatu vyake. Suti alikuwa amejiinamia mbele, macho kodo. Bi Kufuli akaona mambo yote kwa pamoja. Akisema ndiyo, itabidi aeleze kwa nini hakupokea barua, na Suti ataandika malalamiko kabla ya chakula cha mchana kwamba dada anamwokoa kaka. Kazi itakwenda, na lile jina la Bi Kufuli litakuwa kichekesho cha mji. Na huyu mtu kwa nini aiondoe? Lazima ana ujanja wake. Hakuwahi kufanya jambo lisilo na ujanja. Hasira ikamshika ulimi, woga ukamsaidia.

"Mimi na huyu bwana hatujaongea," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali, maana ugomvi wao aliujua, na kaka akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Bei zilisomwa. Ya Suti, ya pili, ya tatu, zote zikikaribiana. Iliposomwa ya kaka, watu walicheka waziwazi, na mmoja akauliza kama hayo madawati ni ya wanasesere. Bi Kufuli hakucheka. Alikuwa ameshika bei za chuma na mbao kichwani kama jina lake, na aliposikia ile bei alijua imepigwa kwa miguu ya mbao. Kaka hakuwa ameambiwa. Na fomu haimuulizi mtu anajua nini. Anatia sahihi kwamba ataleta madawati kwa maelezo yaliyotolewa na mabadiliko yake yote, kwa bei hiyo, basi. Bei ya chini kuliko zote ndiyo hushinda, na kwa bei hiyo asingeweza kununua hata vyuma vyenyewe. Atengeneze, afilisike, nyumba iende. Akatae, benki ilipe, nyumba iende.

Alimtafuta kwa macho. Kaka alikuwa anautazama ule ufunguo ulioning'inia shingoni mwake.

Jioni dada alipofika kwa mama, gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni, mahali palepale walipopagombea. Kaka alikuwa mezani na mama amesimama. Mama habari alikuwa ameshaisikia, uso ulionyesha.

Dada hakukaa. Akasema, akimtazama kaka yake usoni, "Kaka, kwa nini hukumwambia mlinzi kwamba unataka kujitoa?"

Kaka alimgeukia mama.

"Mama, mwambie mwanao kwamba nimesikia habari za miguu ya chuma leo asubuhi, dukani, kwa watu baki. Mwambie nilikuwa mlangoni kwake, namwita."

"Lakini mimi nilituma!" dada akasema. "Mama, si nilikwambia umwambie?"

"Uliniambia," mama alisema. "Sikumwambia. Nilitaka umwambie wewe. Nikasema likikubana kooni utampigia ndugu yako. Na leo asubuhi huyu akaja mbio, mama mpigie mwanao, mwambie anipokee. Nikamjibu nenda kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, usimpe mtu mwingine ujumbe." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Mimi nimechoka kubeba maneno yenu. Sasa nina vyombo vya kubeba."

Akaanza kushusha sufuria. Dada alimwambia bado kuna muda, kuna barua za kuandikiana, benki haiji kesho. Mama akasema hatasubiri dalali aje kumtolea godoro nje watu wanatazama. Ataondoka mwenyewe, angali mwenye nyumba. Alipoulizwa anakwenda kwa nani kati yao, akashusha sufuria nyingine.

Kabati tupu lilibaki limesimama karibu na mlango. Baba alilitengeneza kwa mkono wake, mbao nzito za zamani, na halijapata kubebwa na mtu mmoja. Kaka aliinuka akashika upande wake. Dada, kwa kukosa la kufanya, akashika upande wa pili. Kunyanyua kitu kama kile lazima mmoja aseme "haya," ndipo wote wainue pamoja. Waliinama pale, vidole chini ya mbao, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mama amesimama nyuma yao na sufuria zake, anasubiri njia apite.