Sato wa Kuwaonyesha Wakwe

Kuna watu hawajawahi kuinama bwawani hata siku moja, lakini wakifika tu wanajua kila kitu. Byarugaba ni mmoja wao. Alifika Kituntu Ijumaa kutoka Bukoba, shati limepigwa pasi, kusimamia posa ya Mackrine, binti wa marehemu mdogo wake. Jumamosi asubuhi akawa ameshapata wazo.

Zamani watu wakija kuposa walionyeshwa ng'ombe, wajue wanaoa ukoo gani. Ng'ombe wa nyumba hiyo walikwisha kitambo. Kilichobaki ni bwawa la Deodatha, mama yake Mackrine, chini kule bondeni, na ndani yake sato wazazi sitini aliowachagua mmoja mmoja kwa miaka minne. Vifaranga vyao ndivyo vilivyoiendesha nyumba tangu afiwe. Lakini samaki si ng'ombe. Wamo kwenye maji ya kijani, hawaonekani. Basi Deodatha akiwa jikoni anamenya ndizi, Byarugaba akawarushia pumba washibe wapendeze, akamwita jirani yao Fidele wakavuta wavu wa kokoro, wakawabana wote kwenye kona yenye maji ya magotini, wakafunga kamba kwenye vigingi. Hiyo ilikuwa saa tatu. Wageni kutoka Kihanga walifika saa saba, jua likiwa utosini.

Deodatha aliposhuka na kikapu cha kahawa ya kutafuna, kitu cha kwanza alichokiona ni midomo. Midomo tele juu ya maji, inatafuta hewa, samaki wamelaliana na magamba yanabanduka.

“Shemeji, wafungulie,” alimnong'oneza Byarugaba. “Wanakosa hewa.”

“Mama Mackrine, wageni hawajaona vizuri.”

“Wanakufa waitu, jamani!”

“Wanakufa wapi? Si hao wanarukaruka?” Akacheka kwa nguvu ili wakwe wasikie, akainama, akanyanyua jike kubwa kwa mikono mikavu. Likapita mkono kwa mkono. Baba wa kijana akalipima uzito, kijana akapiga nalo picha, shangazi yake naye akataka la kwake.

Panga lilikuwa pale pale, limechomekwa kwenye mgomba. Pigo moja tu kwenye kamba lingetosha. Lakini mwanamke akimuumbua shemeji yake mbele ya wakwe, atakayesemwa miaka yote ni binti yake. Deodatha akameza hasira yake, akazungusha kahawa, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Wageni walikaa bwawani saa nzima.

Posa ikakubaliwa. Jioni kokoro likafunguliwa, samaki wakazama.

“Umeona?” Byarugaba akasema, na kesho yake akarudi zake Bukoba.

Jumatatu walianza kuelea. Kila mahali vidole viliposhika, ute ulikuwa umetoka na ukungu mweupe umeota kama pamba. Jumanne kumi na wawili. Jumatano Deodatha aliacha kuhesabu, akapiga simu.

“Pole sana,” alisema Byarugaba. “Labda maji yako yana ugonjwa. Mwite bwana samaki ayapime.”

“Ugonjwa ni wewe!” alipiga kelele Deodatha. “Wewe na mikono yako!” Simu ilikuwa imeshakatwa. Akalitukana bwawa lote, kwa Kinyambo, matusi ambayo Mackrine hakujua kama mama yake anayajua.

Mackrine alikuwa ameingia majini na ndoo, anawatoa waliokufa.

“Mama, siku ile ulijua watakufa?”

“Nilijua tangu nilipofika hapa na kuwaona.”

“Na hukukata kamba?”

“Ningeikataje mbele ya wakwe zako? Nilinyamaza kwa ajili yako.”

Mackrine aliweka ndoo ukingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa kulia.

“Mimi sikukuomba unyamaze,” akasema.

Deodatha akavua kandambili, akaingia majini kuokota mizoga iliyobaki.